Nilivyozivika Kabichi Suruali Yangu

Ninyi wa pale kwenye bao, Bunda. Najua aibu yangu ya leo itawafikia na basi la jioni, ikiwa imeshatiwa chumvi na pilipili. Ndiyo maana naandika upesi niitangulie. Lakini kwanza niwape habari za nyapara Kibet, maana bila yeye mimi leo nisingekuwa nimekaa nyuma ya jiko langu mwenyewe, nimejifunga gunia.

Kibet alikuwaga nyapara wetu huko Kenya, milimani, kwenye shamba la mzungu, enzi hizo nina meno yote. Mtu wa miraba minne. Filimbi shingoni. Haogopi mzungu, haogopi mbwa wa mzungu. Alikuwa anaogopa kuku. (Kweli tupu! Kuku akiingia ofisini, Kibet anapanda juu ya meza. Alikuwa anasema kuku anakuangalia kwa jicho moja, na anayekuangalia kwa jicho moja ana lake jambo.) Sisi tukitaka kupumzika tunamsukumia jogoo mlangoni, tunalala mpaka saa nne.

Basi asubuhi moja tukamkuta Kibet amekaa kwenye tuta, analia. Tukajua kuku. Kumbe viazi! Shamba zima limekuwa jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. Akatuonyesha majani, juu yake kumelala kitu cheupe kama chumvi.

"Sakitu," akasema, akapenga kamasi.

Ni umande ulioganda, unashuka karibu na mapambazuko, anga likiwa safi na upepo hakuna. Ukigusa mboga, mboga imekwisha. Tangu siku ile, baridi ikizidi tu, filimbi inalia, tunakwenda kufunika vitalu kwa magunia. Na ilisaidia. Hilo ndilo lililoniponza. Mtu ambaye hakusoma kama mimi (darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza, mwalimu alihama) akijifunza jambo moja analitunza miaka yote, analingojea siku yake.

Siku yake ikawa leo.

Mke wangu, Mama Nyangeta, alikwenda Musoma wiki mbili zilizopita, binti yetu amejifungua. Bustani ya kabichi akaniachia mimi. Ile bustani ni yake tangu kitalu, kila jioni ndoo kichwani kutoka kisimani, na sasa kabichi zimeanza kufunga, nzuri, nzito, mpaka akina mama wa kwaya wanapitia huku Butiama kuziangalia tu. Siku ya kuondoka aliniambia, tena mbele ya jirani yetu Mwalimu:

"Baba Nyangeta, nilikuachia mbuzi, akapotea. Nilikuachia maharage jikoni, yakaungua. Sasa na hizi kabichi zikiharibika, mimi nahamia Musoma kulea mjukuu."

"Utazikuta zimenenepa kuliko wewe," nikamjibu. (Hilo nalo halikupokelewa vizuri.)

Wiki mbili nimelinda kama askari. Nimemwagilia, nimefukuza mbuzi wa watu, nimetoa wadudu kwa vidole hivi hivi. Na leo ndiyo anarudi. Leo!

Alfajiri, jogoo la pili, nikaamka meno yanagongana. Mwezi wa tano huu! Kipupwe chetu kinakujaga mwezi wa saba, na kikija ni cha kuvaa koti tu. Nikatoka nje. Anga safi, nyota zote zipo kazini, upepo hakuna hata wa kupeperusha unyoya. Nikamwona Kibet kabisa mbele yangu, amekaa kwenye tuta.

"Sakitu," nikasema peke yangu.

(Mwalimu, aliyenipa karatasi hii, ananiambia kwamba hapa Butiama sakitu haijawahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Asante, Mwalimu. Ungeniambia jana.)

Magunia sina, yote yalikwenda na pamba, limebaki moja tu. Nikaingia ndani. Nikatoa blanketi. Nikatoa shuka mbili, pazia, khanga za mama, vitenge vya mama, gauni lake la kwaya, na gagulo la kuvaa chini yake. Naam, gagulo! Kwenye vita hakuna kuchagua silaha. Nikavitandaza juu ya matuta, nikichomeka vijiti nguo isiguse jani, kama Kibet alivyotufundisha. Kazi safi! Halafu nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo mfukoni, maana siku hizi wezi ni wengi na mimi si mjinga. (Huo ufunguo msiusahau.)

Likabaki tuta la mwisho, la kando ya barabara. Kabichi kumi na mbili ziko uchi. Nikavua shati, nne zikapona. Nikavua suruali. Msishangae! Mguu wa kulia kabichi nne, mguu wa kushoto nne. Nikajifunga lile gunia kiunoni kwa kamba ya mkonge, nikakaa katikati ya bustani kungojea jua, nimeridhika kama mfalme. Usingizi ukanichukua.

Nilichosahau ni kwamba leo ni siku ya mnada.

Mnakumbuka miaka ile nguo zilipokosekana, duka zima lina rafu tu na muuza duka? Zile nguo za kafa ulaya, walizovaa wenzetu huko wakazitupa, zilikuwa zinapita mpakani kwa kificho, zinauzwa vichakani. Ukimwuliza mwenye nguo, anakataa. "Hizi? Siuzi, nimeanika tu." Unauliza tena, anakataa tena. Akishakataa mara tatu, anakutajia bei. Ndivyo ilivyokuwaga. Sasa hivi ni ruksa, zinatandazwa chini mnadani mchana kweupe, kila mtu anainama anachagua. Basi mtu anayekwenda mnadani akiona nguo zimetandazwa kando ya barabara, na mzee amekaa katikati yake, atafikiri nini?

Nikaamshwa na sauti ya mwanamke.

"Mzee, hili pazia lina mwenzake?"

Nikafungua macho. Jua limeshapanda, na bustani imejaa watu! Mmoja anapima shuka kwa mkono. Mmoja ameinua blanketi juani, anatafuta matundu. Mabinti wawili wameshika gagulo, huyu upande huu, yule upande ule.

Nikaruka. "Siuzi! Hizi siuzi! Nimefunika kabichi!"

Wakacheka!

"Amefunika kabichi!" akasema jamaa mmoja mrefu wa kandambili, alisema anatoka Guta, huko huko kwenu Bunda. "Mimi mpakani niliambiwaga ni nguo za marehemu. Mzee, toka kichakani, siku hizi ruksa!"

"Usiogope, baba," akasema mwingine. "Mgambo hawaji."

"Nawaambia siuzi!"

"Hiyo ya pili," mama wa pazia akawanong'oneza wenzake. "Bado moja."

Nikafumba mdomo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikisema siuzi, nauza. Nikinyamaza, nauza. Nikainuka kwa hasira niwafukuze, gunia nalo likataka kubaki chini. Nikalidaka.

"Mwoneni!" jamaa wa Guta akapiga makofi. "Mpaka ya mwilini ameiweka sokoni! Huyu ndiye mfanyabiashara!"

Watu wakazidi. Wengine hata hawakujua kinachouzwa. Walikuta wenzao wamesimama, nao wakasimama nyuma yao. Si ndivyo foleni zilivyotulea, simama kwanza, uliza baadaye? Na miguu yote hiyo, jamani, ilisimama wapi? Nilikuwa nasikia chini, kwaru, kwaru, kwaru. Kila kwaru ni kabichi ya Mama Nyangeta.

Jamaa wa Guta akaichomoa suruali yangu, akaivaa juu ya kaptura yake, akajigeuza huku na huku. Ikamkaa, mbwa huyu! Mimi suruali ile inanipwaya miaka yote.

Ndipo nikaona kikapu kinakuja barabarani, juu ya vichwa vya watu. Kikapu kile nakijua. Chini yake, Mama Nyangeta, ametembea kutoka makutano ya basi kwa miguu.

"Mama, pita huku!" watu wakamwita. "Kuna gauni la kipimo chako kabisa!"

Wakampisha. Akatua kikapu. Akaokota gauni lake la kwaya, akaligeuza, akaangalia kola aliyoishona mwenyewe kwa uzi wa njano kwa sababu mwekundu ulikosekana. Kisha akaniangalia mimi, kutoka kichwani mpaka gunia, halafu kutoka gunia mpaka kichwani.

"Mzee," akasema polepole, "hili bei gani?"

Hata wale wa nyuma wasiojua kitu walinyoosha shingo.

"Mama Nyangeta," nikasema, "kulikuwa na baridi."

"Baridi."

"Sakitu. Ile ya Kibet."

Jasho lilikuwa linamtiririka usoni mpaka shingoni.

Mama wa pazia akaniinamia. "Kumbe unamfahamu?"

"Ndiye mwenye nguo," nikasema.

Jamani! Kicheko kilichotoka pale, kama hamkukisikia huko Bunda basi upepo ulikuwa mbaya. Watu walikaa chini kabisa kwa kucheka. (Juu ya kabichi, naam.) Nguo zikarudishwa moja moja, na pole zake, ila hakuna pole iliyofika mwisho bila kugeuka kicheko. Gagulo lilikuwa limefika mbali, likarudi kwa kupokezana juu ya vichwa vya watu kama jeneza.

Jamaa wa Guta naye akanigusa bega. "Mzee, magotini inabana kidogo. Ngoja nikatembee nayo mpaka kwenye kona ile, niisikilize."

Mimi aibu imenijaa, nataka tu watu waondoke. "Nenda," nikamwambia.

Watu wakatawanyika. Tukabaki wawili na bustani. Baridi haikugusa hata jani, ila kabichi zilizosimama ni saba. Saba! Miguu imefanya kazi yote ambayo sakitu haikuja kuifanya. Mama Nyangeta akakaa kwenye tuta, akafunika uso, mabega yanatikisika. Nikajua basi, analia kama Kibet, kesho yuko Musoma na mjukuu, na mimi nimebaki na gunia langu.

Nikamsogelea. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka sauti haitoki.

"Musoma nitakwenda," akasema alipopata pumzi, "lakini nakwenda kumsimulia binti yako, halafu narudi. Mtu wa hivi siwezi kumwachia mwanamke mwingine. Haya, lete ufunguo, nione huko ndani umebakiza nini."

Nikapeleka mkono mfukoni. Gunia halina mfuko.

Tukageuka wote wawili kuangalia barabara. Jamaa wa Guta alikuwa ameshafika kwenye kona.

"Bwanaaa!" nikapiga kelele. "Surualiii!"

Akasimama. Akanyoosha mguu mmoja, akakunja goti mara mbili, akaniinulia dole gumba kwamba inafaa. Akakata kona.

Sasa ni saa tisa alasiri, hajarudi. Shati nimerudishiwa. Khanga nimeomba moja tu ya kujistiri, Mama Nyangeta amekataa, anasema hauzi. Amekaa upande wa pili wa jiko, na kila nikidhani amemaliza, namsikia, "Bei gani?" na kicheko kinaanza upya.

Basi msinicheke na ninyi, huku wapo wa kutosha. Mkimwona huko mtu mrefu wa kandambili, suruali ya kaki, kiraka cha bluu makalioni, mwombeni ufunguo tu. Suruali aendelee nayo, inamkaa kuliko mimi na kuliko kabichi.