Siku Saba Bila Kumjibu Ndeti

Jumatatu, Juni 2

"Muthokoi wa kinu na muthokoi wa mashine ni kitu kimoja. Anayeona tofauti anajisifu tu." Hayo ameandika leo asubuhi Ndeti wa Matiliku kwenye Jukwaa letu la Ukambani mtandaoni. Uongo! Kinu huvua ganda la punje ya mahindi na kuacha kiini. Mashine hukwangua vyote viwili na kukuachia punje kama meno ya plastiki. Nimeeleza haya mara thelathini na moja. Nimetaja vitabu. Nimemtaja nyanya yangu. Kila wiki mbili Ndeti anarudisha mada ile ile, na huyu Ndeti ana mashine ya kukoboa!

Nilikuwa aya ya nne ya jibu la thelathini na mbili aliponipigia Madam Bushra. Anauza vitambaa Mwingi, naye ndiye msimamizi wa jukwaa, watu elfu tisa chini ya kidole chake. Anajifungua mwezi ujao. Anataka msimamizi wa pili. Majina ni mawili: mimi, na Yakub wa Kitui mjini. Nikacheka. Yakub amekaa jukwaani miaka mitatu na kuandika mara moja tu, kushukuru kwa kupokelewa.

Madam Bushra hakucheka. Alisema shida yangu anaijua: mada ikirudi, nami narudi nayo. Basi ana sharti. Nisijibu jukwaani mada yoyote iliyokwisha kujibiwa, hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Nikiweza, usimamizi ni wangu.

Nimefuta aya nne. Zilikuwa nzuri mno.

Jumanne, Juni 3

Nimelipima sharti usiku kucha. Linasema nisijibu jukwaani. Halisemi nisijibu.

Asubuhi nikachapa jibu langu, kurasa mbili, na kutoa kopi mia. Hapa Mutomo duka la fotokopi ni langu tangu nistaafu ualimu, nani atanizuia? Kila aliyekuja kutoa kopi akaondoka na muthokoi ndani ya karatasi zake, bure.

Saa tisa naibu wa chifu akarudi amekunja uso. Barua yake ya chanjo ya mifugo ilikuwa imesambaa vijijini, na jibu langu limepigwa stepla nyuma. Wananchi wanauliza kama mbuzi waletwe pamoja na kinu.

Nimemwambia wakija nacho si vibaya. Hakupenda.

Jumatano, Juni 4

Mpango mpya, safi kabisa. Nimemwomba mke wangu Mbinya aniwekee jibu jukwaani kwa jina lake. Yeye ni mzaliwa wa Mbooni. Kule wanajua kinu. Alikubali haraka. Haraka hiyo ilipaswa kunishtua.

Kumbe hakuliweka jibu langu. Aliandika lake: "Mimi ni mke wa Nyamai. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anakula muthokoi wa mashine na kusifu kinu. Kinu chenyewe kuku wanatagia ndani."

Watu mia saba wamebonyeza vicheko. Siwezi kujibu! Mada imeshajibiwa, sharti ni sharti. Nikatoka uani kuangalia. Kuku yumo. Alinitazama vibaya.

Nimekula chakula cha jioni kwa hasira. Sahani mbili.

Alhamisi, Juni 5

Kimya changu kimezua maneno. Mmoja anauliza kama nimelazwa. Mwingine anasema Ndeti amenishinda. Wa tatu ameandika nilale pema peponi, na watu arubaini wametia amina.

Nikabonyeza kidole gumba juu ya kifo changu, ili wajue ni mzima. Wakashtuka zaidi. Nikampigia Madam Bushra kuomba niandike neno moja tu, "nipo". Alisema niandike, akanisihi liwe moja kweli.

Nimeliandika. Kulikuwa na nafasi kubwa sana baada yake.

Jumamosi, Juni 7

Jana niliwaza, leo nimetenda. Matiliku si jukwaa. Nikaenda kumjibu Ndeti uso kwa uso.

Nilitarajia jitu. Ni mtu mfupi, unga hadi kwenye nyusi, amekaa kando ya mashine iliyozimwa. Nikampa aya ya kwanza kabla ya salamu. Mama mmoja aliyekuja na debe lake aliniomba nisogee kidogo, naye anataka kukobolewa mahindi. Nikasogea huku nikitoa aya ya pili. Ndeti alinisikiliza hadi mwisho, akamhudumia yule mama, kisha akasema nimetoka mbali, tule kwanza.

Nyumba iko nyuma ya mashine. Tukaletewa muthokoi na mbaazi. Punje ilikuwa laini, na bado ina utamu wake wa ndani. Halafu nikasikia mdundo uani. Du. Du. Mke wake, Nduku, alikuwa anatwanga!

Ndeti akaufunga mlango polepole.

"Wa mashine ni wa wateja, Mwalimu. Mimi tumbo langu halitaki."

Nikamuuliza mbona basi ananichokoza kila wiki mbili. Akanieleza bila aibu. Nikijibu, watu wa Matiliku wanakuja kununua wa mashine waonje kama nasema kweli. Nikinyamaza, hawaji. Wiki hii nzima amekaa tu, na binti yake anatakiwa chuoni Septemba. Aliniomba mambo ya mlo wake yaishie mezani pale. Nikaahidi.

Kwa hiyo majibu thelathini na moja, pamoja na vitabu, yalikuwa tangazo la mashine yake. Nilipaswa kukasirika. Nikaomba kuongezwa. Tuliagana kama mashemeji.

Jumapili, Juni 8

Saa kumi na moja na nusu jioni usimamizi ulikuwa mkononi. Ndipo Ndeti akaandika: "Mwalimu Nyamai alikuja kwangu. Alikula, akaongezwa, na hakuwa na neno."

Hakuwa na neno! Mimi!

Ushahidi wa kummaliza ninao, nimeusikia ukidunda uani. Lakini niliahidi, sikuutumia. Nilitumia mengine yote, maneno elfu mbili. Nikatuma saa kumi na moja na dakika hamsini na sita.

Madam Bushra alipiga papo hapo. "Mzee Nyamai, ulibakiza dakika nne." Nikamwambia katika dakika nne watu elfu tisa wangekuwa wameshaamini. Alicheka hadi akaomba kuketi. Msimamizi ni Yakub.

Jumatatu, Juni 9

Ndeti amenitumia picha. Foleni ya madebe imefika barabarani. Nimeitazama mara kadhaa. Foleni nzuri. Lakini wote wanakula makosa, na hilo siwezi kuliacha. Jibu la thelathini na tatu nimelianza kabla ya chai, la mwisho kabisa, na linakwisha hivi:

Wanawake wa Mbooni, acheni kumpongeza mke wangu. Na wewe Yakub, msimamizi mpya, nakutaka uifunge mada hii leo leo, isirudi tena, mara tu nitakapokuambia nimemaliza.