Boriti Iliyonivua Kaptula

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya karakana nzima ya mgodi! Tena kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Nyie mnajua nafasi ya unyapara iko wazi. Wiki iliyopita Injinia aliniambia, "Tengeneza boriti ya kunyanyulia pampu. Ikikubali, unyapara wako. Ikikataa, naleta mtu kutoka Tabora." Tabora! Na mimi nipo hapa Mpanda, mzima, na nyundo yangu!

Chuma kimoja kinene cha kutosha hatuna. Basi nikaunga mabamba matatu kwa ribiti, zile pini nene za kugongea: moja wima, moja juu, moja chini. Ubavu mmoja nikauacha wazi, kama mfereji uliolazwa. Hesabu ya kupinda nikaipiga mara tatu. Haipindi! Hesabu ya kujisokota sikuipiga. (Nilijiambia chuma si kamba, kijisokote kwa nini?)

Leo asubuhi tukaipandisha juu ya nguzo mbili. Katikati kuna bomba, kwa hiyo winchi tukaining'iniza pembeni, kwenye mkono wa chuma uliotokeza ubavuni mwa boriti. Sasa, desturi yetu mafundi mnaijua: aliyechonga kitanda hukikalia kwanza yeye. Nikapanda juu ya boriti, nikakaa. Nikamwambia mtani wangu Maganga, yule Mkonongo wa Inyonga, aliyeshika mnyororo wa winchi, "Vuta, uone kazi ya Mfipa!"

Akavuta. Pampu ikanyanyuka. Boriti haikupinda hata kidogo, haki ya Mungu! Ila ikaanza kugeuka ubavu, polepole, kama punda aliyechoka kubebeshwa.

"Maganga, shusha!"

"Nishushe pampu au nikushushe wewe?"

Kabla sijamjibu nikateleza. Kaptula ikanasa kwenye ribiti. Mimi nikaenda chini, kaptula ikabaki juu. Nikatua kwenye beseni la oili chafu, matako kwanza. (Afadhali oili, ilinifunika kidogo.) Halafu weee, kicheko! Hata Injinia aligeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Maganga akashusha pampu salama, ndipo akaniinamia. "Mtani, hata gome la mti la kutengenezea mzinga wa nyuki, ukiliacha wazi ubavuni linajisokota. Sisi Wakonongo tunaushona ule mpasuko, mtu mzima analikalia na haligeuki. Kwani Wafipa hamna nyuki?"

Nilitaka kumrushia nyundo. Lakini amesema kweli, mjinga yule! Nikajifunga gunia, nikamfuata Injinia hivyo hivyo.

"Bwana, naomba siku moja. Ule ubavu wazi naufunga kwa bamba la nne, iwe kama sanduku. Haitageuka."

Akalitazama gunia. "Kesho saa mbili asubuhi. Na uje umevaa."

Bamba nimeshalikata, mashimo nimeshatoboa yote. Huyo mtu wa Tabora akija, atakuja kusalimia tu. Kwa hiyo chekeni leo, mmalize kabisa. Atakayecheka kesho, nyapara mpya atampangia kuchimba choo.