Nilichagua Sikio la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeandikwa! Meneja wa hoteli katuita mimi na Kobe kutoka chumba cha kufulia. Nilidhani ni kuhusu lile shuka lenye alama ya pasi. Nikaanza kuandaa uso wa huruma. Kumbe ni neema. Dada mmoja wa mapokezi ameolewa, kahama. Jumatatu ijayo linaingia kundi la wageni Wajerumani, wazee watupu, na hotelini hakuna anayejua kuwauliza hata habari za safari. Wale wengine wa mapokezi wamekataa kujifunza, wanasema vichwa vimejaa. Sisi vijana, kasema Meneja, bongo zetu bado zina nafasi. Sijui kama hiyo ni sifa. Nimeichukua kama sifa.

Masharti: atakayewapokea vizuri siku hiyo, nafasi ya mapokezi ni yake. Mwingine abaki na mashuka.

Kobe ndiye mwenzangu wa meza ya pasi. Kaitwa Kobe kwa sababu ukimsalimia asubuhi, anaitikia mchana. Huyo ndiye mpinzani wangu! Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Vifaa: simu kuukuu ya ofisi yenye kozi ya sauti. Spika yake imekufa. Hedifoni ni jozi moja, zile za kuchomeka masikioni. Tumeambiwa tugawane, sikio moja moja, huku tukikunja mashuka.

Nyumbani nimemwambia Mama nimeshapata kazi ya mapokezi. Si uongo. Nimetangulia kidogo tu. Kabla sijavua viatu, nusu ya mtaa ilikuwa na habari. Mama katoa kitambaa cheupe alichokificha sandukuni miaka mingi, anasema mwanawe hawezi kusimama mbele ya wageni na fulana ya mpira. Anashona shati. Kwa hiyo sasa lazima.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Mtangazaji anasema kwa Kiswahili: Sikiliza. Mjerumani anasema kitu. Mtangazaji: Rudia. Mjerumani yule yule anasema kitu kile kile. Rudia tena! Jamani, hata kasuku angeomba likizo.

Ukirudia, mtangazaji anakuambia, Vizuri sana! Usiporudia, Vizuri sana! Nilipiga chafya. Vizuri sana! Shuleni ningepata mwalimu kama huyu, leo ningekuwa daktari.

Kabla ya mchana nikawa nasinzia wima. Nilikunja shuka, na mkono wangu nikaukunjia humo humo. Mama Pasi, msimamizi wetu, akauliza kama huo mkono nao unapelekwa chumbani kwa mgeni. Watu wakacheka. Kobe hakucheka. Alikuwa anarudia. Midomo inacheza polepole kama mbuzi anayecheua.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua tatizo. Si akili, akili ninazo za kugawa. Tatizo ni hamu. Basi nikanunua pakiti ya biskuti. Kila nikimaliza somo, biskuti moja. Mpango safi! Ila somo likaanza kwa yale yale ya jana, nikaona ni haki nile moja ya kunipa nguvu ya kuanza. Kisha moja ya kujipongeza kwamba nimeanza. Pakiti ikaisha Mjerumani hajamaliza kusalimia.

Mpango wa pili: adhabu. Nikamwambia Kobe, kila nikisinzia, nifinye. Kobe hafanyi kazi nusunusu. Kanifinya kwa moyo wake wote. Nikimwambia sisinzii, nafikiri tu, ananiomba radhi kisha ananifinya. Jioni Mama kaona mkono, kauliza nimepigana na nani. Nikamwambia Kijerumani ndivyo kinavyoingia.

Mama akasema basi kiingie polepole, mikono ya shati kaishona mifupi.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni rasta!

Leo hedifoni yangu, ya kulia, ilianguka kwenye beseni la kuloweka. Wakati inakauka nikaazima ya Kobe, ya kushoto. Ah! Sauti tofauti kabisa. Nikachunguza. Kumbe kozi nzima ni maongezi ya watu wawili hotelini, na kila mmoja kakaa kwenye sikio lake. Kushoto yuko Bwana Msafiri, kulia yuko dada wa mapokezi. Mtangazaji anasikika kote, ila tafsiri ya maneno ya kila mmoja iko kwenye sikio lake tu.

Sasa angalia. Bwana Msafiri ana maneno kama mto! Anataka chumba chenye madirisha mawili. Hataki mto mgumu. Safari imemchosha. Kahawa iko wapi? Mbona maji ni baridi? Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Yule dada naye, masikini: Karibu, bwana. Samahani, bwana. Ufunguo huu hapa, bwana. Basi. Makombo matupu.

Nikapiga hesabu. Mwenye sikio la kushoto ataondoka na Kijerumani kizima. Mwenye la kulia ataondoka na samahani. Tena dada akiongea, mwenye kushoto anasikia kimya, anapumzika. Faida mara mbili!

Nikamwambia Kobe sikio langu la kulia lina jipu, nitabaki na kushoto hadi Jumatatu. Kobe akanipa pole. Mchana kaniletea mafuta ya uvuguvugu kwenye kikopo, kasema bibi yake huyatumia kwa masikio. Ikabidi niyatie. Sasa sikio zima la kulia linasikia kama niko kisimani. Lakini ushindi una gharama zake.

Jumamosi, 8 Machi

Hamu imerudi! Siri ni kumpata mtu unayependa kumuiga. Mimi na Bwana Msafiri tumeiva chungu kimoja. Leo nimemwambia muuza duka kwa Kijerumani kwamba mto wake ni mgumu. Kanipa sabuni. Mama Pasi nimemwambia sikulala kabisa, nataka chumba kingine. Kaniambia nenda kapange taulo.

Nyumbani nimelalamika kwa Kijerumani kwamba supu imepoa. Mama machozi yalimlenga kwa furaha. Kisha akaniomba nimfundishe kusema karibu, ili akikutana na hao wazee awakaribishe. Nikakwama. Nikamwambia Wajerumani hawana neno hilo, wao wakifika wanaingia tu. Mama kashangaa, kasema watu wakubwa hivyo, malezi yakawapita kushoto.

Kobe naye kazini anajizungushia makombo yake. Samahani. Subiri kidogo. Jina lako, tafadhali. Nikamuuliza, kaka, wewe unajifunza lugha au unajifunza kuomba msamaha? Akafikiri. Jibu lilikuja wakati tunafunga mlango: eti vyote viwili vinafaa kazini. Nikampigapiga begani. Kesho kutwa atajua.

Jumapili, 9 Machi

Meneja kanipigia, kauliza nani atangulie kaunta. Nikamwambia mimi. Kobe bado yuko kwenye salamu, abebe mabegi. Meneja kakubali.

Simu ya kozi nimekuja nayo nyumbani, zimebaki mada za mwisho. Nimesikiliza ile ya malalamiko tu, kwa sababu ndiyo tamu. Nyingine ni kurudia. Nimelala.

Shati limekwisha. Jeupe kama jino la mtoto. Kola kubwa, shingo yangu inacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Mama kasema cheo kitaijaza. Kisha akanitobolea siri: kesho atakuja na Shangazi, wasimame ng'ambo ya barabara, mapokezi ni vioo vitupu, waone. Shangazi hajawahi kuniamini tangu nizaliwe. Kaniangalia akasema anakuja kuhakikisha kwamba anayevaa hilo shati si mfagiaji.

Sawa. Aje na miwani!

Jumatatu, 10 Machi

Si kosa langu. Naanza na hilo.

Basi likasimama. Wazee wakaingia, kofia, fimbo, masanduku. Mimi kaunta, kola imesimama. Ng'ambo ya barabara Mama ananipungia kwa kanga nzima. Bibi mmoja mwenye nywele za pamba akanifikia, akasema kitu cha heshima, akangoja.

Nikafungua mdomo. Kijerumani kikatoka, laini, kizito, cha kushiba. Nikamwambia: Habari za jioni. Nimechoka sana. Safari ilikuwa ndefu.

Bibi akanitazama kwa huruma. Akaniambia kitu kirefu. Sikukielewa hata tone. Lakini sikurudi nyuma! Nikamwambia nina chumba hapa, chenye madirisha mawili. Akageuka akawaambia wenzake. Nikawauliza mizigo yangu iko wapi. Wazee wawili wakainama kuitafuta chini ya kaunta.

Hapo jasho likaanza. Nikatafuta kichwani neno moja tu la kukaribisha mtu. Hakuna! Kila nilichovuta kilikuja ni dai. Nataka kahawa. Maji ni baridi. Huu mto siuwezi. Kila nikidai, wanazidi kunihurumia. Mwishowe, kwa kuchanganyikiwa, likanitoka lile la somo la malalamiko: Namtaka meneja, mara moja!

Hilo walilielewa wote. Wakageuka kundi zima wakamvaa Meneja. Mzee mwenye fimbo alimfokea kwa niaba yangu. Bibi akanivuta nikakaa kwenye kiti cha wageni, akanipepea kwa kofia. Mwingine akanipa maji kwenye chupa yake. Meneja ananitazama juu ya vichwa vyao, macho yamemtoka kama fundo la mtini.

Ndipo Kobe akaweka mabegi chini. Akaja kaunta kwa mwendo wake ule ule. Akasema: Samahani. Karibuni sana. Majina yenu, tafadhali. Ufunguo huu hapa. Kifungua kinywa ni saa moja. Polepole, neno kwa neno, kama anakunja mashuka. Na kila alichosema kilikuwa ndicho! Foleni ikanyooka. Wazee wakatabasamu. Mmoja akampiga picha.

Jioni Mama kanikumbatia mlangoni. Kasema aliniona nimekaa kitini, wageni wananipepea, na yule mwenzangu mnyonge anahangaika na funguo. Hajawahi kuona bosi mdogo kama mimi. Shangazi kauliza jambo moja tu: tangu lini mgeni akampepea mwenyeji? Nikasema nimechoka, nikaenda kulala.

Jumanne, 11 Machi

Meneja alitumia maneno machache. Kobe mapokezi. Mimi mashuka. Nikajitetea kwamba nimesema Kijerumani kingi kuliko Kobe. Akakubali. Kasema hajawahi kusikia Kijerumani kingi kiasi kile kisicho na kazi.

Ikabidi nimwambie Mama. Nilianza kwa mbali, kwamba mapokezi hapana hewa, kwamba mtu husimama mchana kutwa. Mama akaacha kuchambua mchele. Kauliza nimepata au sikupata. Nikasema sikupata. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililouma. Baadaye akauliza kama Kobe ana shati la kuvalia kazini. Nikasema ana lile la drafti lililotoboka kwapa.

Akakunja lile jeupe, akalitia kwenye mfuko, akaniambia nimpelekee. Kasema kitambaa kile hakikungoja sandukuni miaka yote ili kirudi kuozea humo. Kawaambia majirani shati limepata kazi ya mapokezi, na hilo si uongo.

Nimempelekea. Limemkaa kama kazaliwa nalo. Kola na yote! Kobe kaniambia ahsante, kaniuliza jipu linaendeleaje. Nilienda kuloweka taulo.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamegeuka! Asubuhi nilikuwa napeleka vitambaa vya meza ukumbini. Bibi wa nywele za pamba kaniona, kaniita, kaniuliza kitu. Nikamwambia kwa Kijerumani nataka kahawa. Akavuta kiti! Nikamwambia chakula ni kizuri lakini kidogo. Wakanisogezea sahani nzima. Mayai, mkate, siagi, matunda. Kila nilichotaja kilikuja. Kobe mwenyewe, ndani ya shati la Mama, alipita akanimiminia kikombe cha pili, akasema, Karibu, bwana. Kwa Kijerumani!

Nimekaa pale hadi Meneja alipotokea mlangoni. Kwa sababu ya wazee hakupaza sauti. Alitabasamu na meno yote, akaninong'oneza kwamba vitambaa vya meza vya mwezi mzima, pamoja na hicho nilichomwagia kahawa, nitavifua kwa mkono. Mama Pasi ameshaniwekea beseni.

Basi, hicho ni kijicho. Hivi sasa nafikicha na ninafikiri. Kosa langu liko wazi kabisa: nilijitesa kuomba kazi, na lugha niliyokuwa nayo ni ya kuhudumiwa! Nilikuwa nauza kuku nikitafuta mayai.

Wiki ijayo wanakuja Wataliano. Nimeshamtuma Kobe aniombee kozi ya Kitaliano kwa Meneja, aseme ni yake. Sina haja ya kozi nzima. Masomo ya chakula tu. Na aniwekee kiti karibu na dirisha.