Nyonga ya Kulia ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimefuta tarehe ya upasuaji wa mama. Nilipiga simu hospitali mwenyewe, nikiiga sauti yake. Alikuwa ameisubiri miezi kumi na minne. Lakini awekewe nyonga ya chuma, wakati kuna watafiti wanaochota seli za uboho na kuzidunga nyongani ili gegedu, ule mto kati ya mifupa, iote upya? Nimesoma makala kumi na moja. Kaka hajasoma hata moja. Yeye ni fundi milango. Husema bawaba iliyolika hubadilishwa, haibembelezwi. Mama nimemwambia hospitali wameahirisha. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye mwenye shule.

Jumatano, 5 Machi
Fomu ya watafiti inataka wagonjwa ambao ugonjwa wao haujafika mbali: wapande ngazi tatu bila mkongojo. Mama hupanda moja. Tumeanza mazoezi kwenye ngazi za mlango wa jikoni. Kwenye ya pili alisimama, jasho likimtoka puani. Nikamwambia afikirie anakanyaga cherehani yake. Akasema cherehani haikuwahi kumuuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeuficha mkongojo juu ya kabati. Kaka akapita, akamkuta mama anaambaa na ukuta, akauliza nyumba imekuwa meli lini. Akaushusha. Akauliza pia habari za operesheni. Nikasema wameahirisha. Akanitazama kwa muda kuliko ilivyo lazima. Wivu huo, tangu shule ya msingi.

Jumatatu, 10 Machi
Tatu! Alishuka kwa makalio, lakini fomu haisemi lolote kuhusu kushuka.

Alhamisi, 13 Machi
Kliniki ya utafiti. Mama alipanda zote, midomo ameibana. Muuguzi akampongeza. Nami nikajipongeza. Kisha eksirei. Daktari akatugeuzia skrini: mfupa umekalia mfupa. Akasema seli hizo, hata kama zinafanya kazi, na hilo bado hawalijui, zinahitaji pa kuanzia, na hapa hapajabaki kitu. Huyu ni wa kubadilishwa nyonga. Akashangaa hana tarehe. Mama akasema alikuwa nayo, wakaahirisha. Daktari, mtu mwema kupita kiasi, akapiga simu hospitali palepale. Akasikiliza. Akamwambia mama, taratibu, kwamba imeandikwa ni yeye mwenyewe aliyepiga kufuta. Nafasi yake amepewa mwingine. Asubiri miezi kumi na minne mingine.
Mama hakuniangalia. Aliomba mkongojo wake. Nilikuwa nimeuacha nyumbani.

Jumapili, 16 Machi
Mama husema nami ya lazima tu: maji, choo, dirisha. Kaka amekuja kufunga bomba la kushikia kando ya kitanda chake. Alikaza kila skrubu kama ananikaza mimi.
Nimeiweka ile picha ya eksirei tuliyopewa kliniki kwenye mwanga wa dirisha. Jamani, tulikuwa tunatazama upande wa kulia tu. Nyonga ya kushoto bado ina gegedu. Nyembamba, lakini ipo. Na fomu haisemi nyonga ipi.
Nimeijaza upya, nikiiga mwandiko wake. Safari hii mkongojo nitauweka chini ya kitanda. Hawezi kuinama.