Njia Ndani ya Tangi la Samaki

Jumatatu, 3 Juni
Chiriku kapiga simu. Anakuja Jumamosi na mama mkwe wake. Wanakuja kupima tangi la samaki! Kwao kuna sebule kubwa, eti tangi litakaa vizuri chini ya dirisha. Nikamwambia sawa mwanangu, ni lako, marehemu baba yako alikutengenezea wewe. Nikakata simu. Nikaketi sakafuni.

Yaani liondoke? Kila mwisho wa mwezi Chiriku anakuja kubadilisha maji na kupunguza majani. Akija anakula, anapiga soga, analala. Tangi likienda kwake, huku atafuata nini? Kunitazama nikimenya vitunguu?

Nimepata mpango. Nitalipamba mpaka liwe zuri kiasi kwamba hata mwenye roho ngumu ataona haya kulibomoa. Watasema wenyewe, hapana, libaki hapa hapa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini akili haikuishia huko!

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Ana tangi dogo kama boksi la viatu, lakini ukichungulia unaona msitu unakwenda mbaaali. Nikapeleka mkono nyuma ya kioo nione unaishia wapi. Ukuta! Akacheka, akasema mama, huko ni kuyadanganya macho tu. Mchanga uwe chini mbele, uinuke kwenda nyuma. Mawe makubwa mbele, madogo nyuma. Majani mapana mbele, membamba nyuma. Njia ianze pana, ibane, ibane, mpaka ipotee. Nikamwambia njia hiyo naijua.

Naijua kabisa. Ni ile ya nyumba yetu ya zamani. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni na Chiriku, mdogo bado, tukimsubiri baba yake arudi kwenye kazi yake ya vioo. Anatokea kule mwisho kama siafu. Mara kama kuku. Mara kama mbuzi. Mara huyo hapo, kajaa mlango mzima! Chiriku aliamini kweli kwamba baba anakua njiani. Siku moja akaniuliza, na asubuhi akienda, anapungua mpaka anaisha? Nikamwambia haishi, mama. Anarudi.

Nitaitengeneza njia ile ile.

Jumatano, 5 Juni
Samaki nimewahamishia kwenye beseni la kufulia. Wananitazama vibaya.

Tangi hili limekaa ukutani, kati ya jikoni na sebule. Marehemu alitoboa ukuta kusudi, ili nikipika nione wageni, na wageni waone samaki badala ya masufuria. Chiriku alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni, anawachungulia wageni kupitia majini, ananinong'oneza, mama, shangazi kavimba kichwa! Nikimkanya asicheke, nacheka mimi.

Leo nimeketi kwenye kigoda hicho hicho, nimepanga mawe, nimepandisha kilima. Nikamwaga maji. Kilima chote kimeporomoka! Maji rangi ya chai ya maziwa. Nalala bila kula.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa imepatikana. Nimefungua sanduku la nguo za zamani, nikatoa soksi za shule za Chiriku, nyeupe zenye mstari mwekundu. Nimezijaza kokoto, nimezifunga, nimezilaza chini ya mchanga kuzuia kilima. Kimesimama! Nililia kidogo. Si kwa kilima. Ni kwa vile miguu ile ilivyokuwa midogo.

Ijumaa, 7 Juni
Imekwisha! Samaki nimewarudisha tangini. Nimekaa jikoni kutwa nzima naangalia tu. Njia inaanzia puani kwangu, inakwenda, inabana, inapotelea kwenye vijani vyembamba kama nywele. Kioo cha upande wa sebuleni nimekifunika shuka. Kesho nitalifunua mbele yao. Mama mkwe akishikwa na kizunguzungu, maji ya kunywa nimeshaweka karibu.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu yangu!

Mama mkwe nikamkalisha kwenye kiti kizuri sebuleni. Nikavuta shuka. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, mwenzangu, hicho ni kichuguu?

Jamani! Mimi nilipanga yote nikiwa jikoni. Nyuma yangu ndiyo mbele yao! Wao wameona ukuta wa mchanga mpaka karibu na juu, na katikati yake soksi imebanwa kwenye kioo, mstari mwekundu nje nje, kama tangi linawatolea ulimi. Mama mkwe akasema basi, wala wasipime, walibebe leo leo wakalioshe.

Nikasema chai! Nikakimbilia jikoni. Chiriku akanifuata, vikombe mkononi, akiniuliza mama umepatwa na nini, soksi ndani ya maji, kweli? Akaketi kwenye kigoda. Akainama, akachungulia kwenye kioo.

Samaki mmoja mdogo alikuwa anatokea mwisho wa njia. Akaja polepole, anakua, anakua, mpaka akajaa mbele yetu. Chiriku akasema kwa sauti ndogo, baba huyo.

Chai ikamwagika jikoni, hakuna aliyeifuta.

Kutoka sebuleni mama mkwe akauliza kama hiyo chai bado tunaipanda shambani. Akasogeza uso kwenye kioo, pale juu ya mchanga. Chiriku akaninong'oneza, mama, kavimba kichwa! Tulicheka mpaka tukashikilia meza.

Akatoka akamwambia mama mkwe wake kwamba tangi halitoki hapa. Mama mkwe akasema sawa, ila soksi zifuliwe.

Wakati wa kuaga Chiriku akanivuta pembeni. Akanisema kweli kweli. Kwamba ningesema tu. Kwamba hata ningekuwa na ndoo tupu angekuja kunitazama mimi na ndoo yangu. Nikimkumbuka nipige simu niseme nimekukumbuka, basi, nisizunguke mbuyu. Nikamwambia nimesikia mwanangu. Nimeelewa.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba kimya. Samaki wazima. Majani yameshika. Maji safi. Hakuna hata kitu kimoja cha kurekebisha! Na mwisho wa mwezi uko mbali.

Nilishika simu niseme nimemkumbuka, kama alivyonielekeza. Nikairudisha mezani.

Nikatia mkono majini, nikavuta soksi moja. Kilima kimeporomoka vizuri sana, njia yote imeziba. Ndipo nikapiga. Nikamwambia, mwanangu, sijui hata imetokeaje, baba yako hana pa kupita.

Anakuja kesho!

Humo chini soksi nyingine bado zipo. Mwaka huu nitamwona mtoto wangu.