Mteja Bora wa Mwaka

Wembe alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja pale Mzee Faili alipolikung'uta gazeti na kukohoa kile kikohozi chake cha kuitisha mkutano. Wembe akazima mashine. Kinyozi gani atanyoa huku dunia inasomwa mlangoni pake? Benchi la kahawa lilikuwa karibu na saluni kiasi kwamba aliyekaa mwisho akinyoosha miguu, nyayo zinalala ndani.

"Sikilizeni mambo," Mzee Faili akasema. "'Kampuni ya data za afya yafunga mwaka kwa kishindo. Hospitali mia tatu na kumi na mbili zimejiunga. Wagonjwa milioni nane wameingizwa kwenye mtambo. Wafanyakazi waongezeka kutoka kumi na wawili hadi mia tano. Tuzo tatu.' Halafu hapa wameandika kwa herufi nene kama vidole vyangu: 'Bila kosa hata moja.'"

"Niliwaambia!" Chaji akaruka kutoka kwenye kimeza chake cha kutengenezea simu. Mwezi ule kampuni ilipopita mtaani kuandikisha watu, Chaji alipewa kazi ya muda na fulana, na fulana hiyo haijamtoka mwilini mpaka leo. "Mwaka mmoja tu! Walianza chumba kimoja, sasa wana ghorofa nne. Na sisi tumo humo humo! Benchi hili lote nililiandikisha mimi."

"Wewe uliandikisha benchi, mimi niliandikisha mji mzima," Mzee Faili akamjibu. "Miaka thelathini na minne kwenye chumba cha mafaili. Mgonjwa hajakohoa, mkono wangu umeshafika kwenye rafu. Kompyuta ya nani inaweza hivyo?"

"Na yule uliyempa faili la marehemu?" Bi Birika akauliza, huku anamimina kahawa bila kuangalia kikombe, na hamwagi.

"Majina yalifanana!"

"Si mkamfunga pamba puani?"

"Tulimfungua, Bi Birika, tulimfungua! Na radhi nilimwomba. Mbona hamlisemi hilo?"

Benchi likacheka mpaka likalia kwenye misumari. Mzee Faili akajificha nyuma ya gazeti, akatafuta mahali pa kulipia kisasi.

"Haya, mnaosifia kompyuta, wateja wenu ndio hawa: 'Kampuni itamtunuku mteja bora wa mwaka, mzee mmoja aliyehudhuria kliniki mara arobaini na moja bila kukosa miadi hata moja.'"

"Arobaini na moja!" Wembe akasema. "Huyo si mgonjwa, huyo ni mwajiriwa."

"Apewe na sare kabisa," Chaji akaongeza.

"Mzee wa namna hiyo hatafuti dawa," Bi Birika akatoa hukumu. "Anatafuta nesi."

"Mzee hana haya hata chembe!" Mzee Faili akapigilia. "Anajaza foleni, wenziwe wanazimia kwa jua kali. Enzi zangu ningelificha faili lake mpaka apone kwa hasira."

Wembe alicheka na wenzake, lakini jicho lake moja lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha cherehani cha mkewe. Miaka tisa ya ndoa hii, na ndani ya nyumba hakuna mtoto wa kumwagia mtu maji ya kunawa. Mashangazi walikuwa wameshachoka kuuliza, na hilo la kuchoka ndilo lililomuuma zaidi. Zamani alikuwa anauliza yeye, kila mwezi, mpaka akagundua kwamba kila akiuliza wanalia watu wawili. Akaacha.

Sasa kulikuwa na hili la Jumanne. Jumanne asubuhi mkewe alisema anakwenda kununua uzi. Alirudi saa sita bila uzi, hana furaha wala huzuni, amefunga mdomo kama pochi. Tangu siku hiyo alikuwa anavuka barabara mara tatu kwa siku kununua kahawa, mtu ambaye kahawa kwake ni dawa ya kuulia mende. Je, ni mgonjwa? Je, ni lile jambo jingine? Wembe alikuwa halali vizuri, na hakuthubutu kumuuliza.

Na huyo anavuka tena, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni.

"Shemeji, karibu!" benchi likaitikia.

"Asanteni. Bi Birika, kahawa moja. Na... simu yako ina chaji leo?"

"Imejaa pomoni, mwanangu. Unataka kupiga?"

"Hapana. Nauliza tu."

Akachukua kikombe, akamtupia mumewe jicho la haraka, akarudi ng'ambo. Wembe akamwona kabisa anamwaga kahawa kwenye kopo la maua. Lile ua kwa sasa lilikuwa halilali.

"Bosi," mteja akasema kutoka kwenye kiti. Alikuwa dereva wa lori, upande mmoja wa kichwa umeng'aa, upande mwingine msitu. "Na mimi je?"

"Dakika moja, ndugu yangu."

Hapo ndipo simu ya Bi Birika ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa juu ya meza kama siku zote, kando ya birika kubwa lililoandikwa namba yake kwa rangi nyekundu, ili wa ofisini wakitaka kahawa wapige.

"Nisomee, Chaji. Mimi herufi zao naziona kama sisimizi."

Chaji akaichukua. Akasoma kimya. Akamtazama Mzee Faili. Akasoma tena, midomo inacheza.

"Inatoka kwa kampuni," akasema. "'Ndugu mteja, mwanamume, umri miaka sitini na saba. Hongera! Kipimo chako kimethibitisha ujauzito wa wiki tisa. Epuka kubeba vitu vizito.'"

Vikombe vikasimama hewani. Hata lori lililokuwa linapita likaonekana kupunguza mwendo.

"Hapa kijiweni," Bi Birika akasema polepole, "mwanamume wa miaka sitini na saba ni nani?"

Vichwa vyote vikageuka upande mmoja, pamoja na kile cha nusu.

"Msinitazame hivyo!" Mzee Faili akapaza sauti.

"Mzee wangu, si uliapa kwamba mtambo wao hautalijua jina lako mpaka kaburini?" Wembe akauliza.

"Nilikwenda kupimiwa miwani!"

"Tena alikuwa wa kwanza kuandikwa," Chaji akatoboa. "Saa moja kasoro asubuhi, giza giza, amejifunika kofia. Akanambia nikitoa siri atanilaani."

"Na namba ya simu alitoa ipi?" Bi Birika akauliza.

Chaji akajaribu kukumbuka. Macho yake yakaenda polepole mpaka kwenye birika, yakatua kwenye rangi nyekundu.

"Lo," akasema.

"Lo nini?"

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa na kishikwambi cha kampuni. Kila niliyemuuliza namba, anatazama birika ananisomea. Mzee kasema simu yake ni ya kupokelea habari za misiba tu. Wembe kasema hataki kusumbuliwa, yeye na mkewe. Wote hivyo hivyo! Na mimi nikaandika. Jamani, mtambo ule namba moja ni mtu mmoja. Sisi sote tumeingia ndani ya Mzee Faili!"

Bi Birika akaweka kikombe chini ili asikivunje. Alicheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, machozi yanamtiririka. Dereva akapiga mapaja. Wembe alicheka pia, mara akaacha. *Ujauzito wa wiki tisa.* Wa Mzee Faili haukuwa. Ulikuwa wa mtu fulani.

"Pigeni," akasema. Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Pigieni kampuni sasa hivi. Waulizeni ni wa nani."

Chaji akapiga, akaweka sauti kubwa. Ikapokelewa na binti mchangamfu.

"Habari ya asubuhi! Kwa kulinda siri za mgonjwa, nitazungumza na mteja mwenyewe tu. Naweza kumpata mwanamume wa miaka sitini na saba?"

Wote wakamnyooshea Mzee Faili simu. Akakataa kwa kichwa. Wembe akapiga magoti mbele yake, mashine ya kunyolea bado mkononi.

"Mzee wangu, nakuomba. Miaka tisa."

Mzee Faili akamwangalia kijana yule. Akaivuta simu, akakaa wima, akakohoa.

"Mjamzito anaongea," akasema.

Chaji ilibidi aume fulana ya kampuni.

"Hongera sana, mzee!" binti akasema bila kusita, maana kompyuta ikisema imesema. "Unasikia kichefuchefu?"

"Tangu niliposoma gazeti lenu."

"Hiyo ni kawaida. Naona historia yako hapa ni nzuri mno. Mwaka huu umeng'olewa magego manne..."

"Yangu," Bi Birika akanong'ona.

"...umechanjwa baada ya kung'atwa na mbwa..."

"Mimi huyo," akasema Chaji.

"...umetolewa nta masikioni, umepimwa magoti, miwani, sukari. Jumla mara arobaini na moja! Mzee, sikupaswa kukwambia mapema, lakini wewe ndiye mteja wetu bora wa mwaka!"

Mzee Faili akafumba macho. "Mzee asiye na haya," Bi Birika akamkumbusha sikioni. "Anatafuta nesi."

"Binti yangu," Mzee Faili akasema, amejikaza, "niambie jambo moja tu. Hiki kipimo cha... cha hali yangu. Nilikipima lini? Uzee huu, nasahau."

"Jumanne, saa tatu asubuhi. Dirisha la nne."

Jumanne, saa tatu. Wembe akasimama. Wanawake walioandikwa kwa namba ile walikuwa wawili. Bi Birika Jumanne saa tatu alikuwa papa hapa anagombana na gunia la mkaa, benchi zima ni shahidi, na hata asingekuwapo ana miaka sitini na mbili. Akabaki mmoja. Mmoja aliyekwenda kununua uzi.

"Bosi!" dereva akaita. "Kichwa!"

Wembe alikuwa ameshaingia barabarani. Mwendesha baiskeli akamkwepa na kumtukana, Wembe akamjibu, "Ahsante sana!" Mkewe alikuwa mlangoni pa kibanda chake, amesikia kicheko, hajui kinachochekwa.

"Uzi ulipata?" Wembe akamuuliza, anahema.

"Uzi gani?"

"Wa Jumanne."

Mkewe akatoa pini mdomoni, akaichomeka begani, taratibu sana. "Walisema majibu yatakuja kwa simu niliyojiandikisha nayo. Sikutaka ulie bure tena, baba. Nikasema nitakunywa kahawa hiyo peke yangu mpaka yaje." Akatazama ile mashine mkononi mwake. "Yamekuja?"

"Wiki tisa."

Akashika fremu ya mlango. "Nani kasema?"

"Mzee Faili. Kwa mujibu wa kompyuta, mimba ni yake."

Mkewe akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili pamoja, na Wembe akamfuata hatua kwa hatua. Kwa mara ya kwanza walilia watu wawili na haikuuma hata kidogo. Ng'ambo benchi lilikuwa limesimama kabisa. Bi Birika alipiga kigelegele kilichofungua madirisha ya ofisi, Chaji anapunga fulana hewani, kifua wazi, na dereva wa nusu kichwa anapiga honi ya lori lake kama vile mtoto ni wa ukoo wao.

Waliporudi pamoja, wameshikana mikono, binti wa kampuni alikuwa bado hewani.

"Mzee, siku ya tuzo tutatuma gari kukuchukua. Utakuja na mtu wa kukusindikiza?"

"Wanne," Mzee Faili akasema. "Hali yangu unaijua." Akakata simu.

Kisha akainama chini ya benchi, akavuta mkoba wake mkuukuu, akatoa jalada la kahawia, jipya, halijakunjwa. Siku ya kustaafu alitoka nayo sita ya namna hiyo, hakuna aliyejua ya nini. Akalifuta vumbi kwa kiganja, akachomoa kalamu.

"Huyu," akatangaza, "haingii kwenye mtambo wa mtu. Huyu nitamwandika mimi, kwa mkono, kwa wino. Achanganywe na nani? Asubiri majibu ya nani? Faili lake peke yake, jina lake peke yake." Akaandika kwa mwandiko wake wa hospitali, herufi zimesimama kwenye mstari: *Mtoto wa Wembe. Namba moja.* Sauti ikamtetema kidogo, akaificha kwa kikohozi. "Haya, mama mzazi. Namba ya simu?"

Wembe na mkewe wakageuka. Bi Birika akageuka, Chaji akageuka, dereva akageuka na nywele zake za upande. Wote wakaikazia macho ile rangi nyekundu kwenye birika, wakaisoma kwa pamoja, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kosa hata moja.

Na Mzee Faili akaiandika.