Kisu Changu na Mti wa Bibi wa Zahanati

Jumatano, 2 Septemba 1953. Njombe.
Hatimaye! Bibi wa zahanati ya misheni katangaza baada ya sala ya asubuhi. Miaka kadhaa iliyopita aliagiza kwao Uzunguni miche miwili ya mti wa maua meupe, anaouita dogwudi. Mmoja nilipanda mimi, mwingine jirani yangu Kefa. Utakaochanua vizuri zaidi kufikia Jumapili, mwenyewe atakuwa msimamizi wa bustani ya misheni na kuhamia nyumba ya bati. Mke wangu Ida kapiga vigelegele. Paa letu la nyasi linavuja, amechoka kulala na sufuria kitandani. Nimemwambia aanze kufunga mizigo. Kefa ni nani? Mlima viazi! Mti wake kaupanda kivulini mwa miwati, chini kautandikia majani makavu, eti mizizi isipate joto. Njombe hii, tunayotetemeka! Wangu uko juani, na chini nimefagia mpaka udongo unang'aa.

Alhamisi, 3 Septemba.
Kefa kanisalimu "kamwene" juu ya ua, kwa adabu yake ile ya kinafiki. Mti wake una vitumba vya kijivu kwenye ncha za matawi, kama vifungo vya koti. Wangu pia. Havifunguki! Bibi anasema tumwagilie maji, kisha tuuache. Tuuache! Wazungu bwana. Hata mwanzi hautoi ulanzi, pombe yetu, mpaka uukate ncha asubuhi na jioni. Na kwa kugema, Ubena yote inanijua. (Mchungaji hajui.) Nimetwaa kisu cha kugemea, nimekata ncha zote, nyembamba, kwa ufundi. Ida kaja kusema vitumba vyote viko chini. Nimemwambia arudi jikoni.

Ijumaa, 4 Septemba. Makambako.
Asubuhi nimekata tena. Hakuna utomvu, hakuna ua. Mti mkaidi! Nikapanda lori la magome ya miwati kuja kumpasha habari shemeji yangu Nikodemo. Dukani kwake nimewaarifu watu wote kwamba wanaongea na msimamizi. Nikodemo kauliza kama mti umeshachanua. Wivu huo.

Jumamosi, 5 Septemba.
Nimerudi. Wa Kefa umechanua wote, mweupe pe! Watu wanasimama njiani kuutazama, hata Wakatoliki. Kefa anasema hakufanya chochote. Hilo naliamini. Ida kautazama wetu, vijiti vitupu, akalia. Kasema hakutaka ukubwa, alitaka paa kabla ya mvua. Imeniuma, nakiri. Lakini mwanamume halii, hufikiri. Alipokwenda kwaya nilifungua sanduku lake, nikatoa kitambaa cheupe, mkasi na uzi. Ua la petali nne ni kazi gani? Nimeyafunga maua kwenye matawi yote. Yamependeza kuliko ya Mungu, anisamehe.

Jumapili, 6 Septemba.
Bibi kaja na Mchungaji na wazee wa kanisa. Kwa mbali akashika kifua kwa furaha. Kefa mwenyewe akakubali kwamba nimempita. Nikaanza hotuba fupi ya shukrani. Ndipo Ida akasogea, akashika ua moja, akaligeuza. Lilikuwa na msalaba mwekundu alioutarizi kwa mkono wake.

"Baba Lucia," akaniambia mbele ya wazee wote, "hiki si kitambaa changu cha Meza ya Bwana?"

Mchungaji akakohoa. Nyumba kapewa Kefa. Bibi kanieleza kwa upole kwamba vile vitumba nilivyokata ndiyo maua yenyewe. Angesema mapema!

Jumatatu, 7 Septemba.
Ida hasemi nami. Yuko barazani kwa Emilia, mke wa Kefa, chini ya bati, anakunywa chai na kutazama juu. Kefa kaja na huruma yake ya kutia kichefuchefu. Anataka nimsaidie kutunza mipichi ya misheni. Ikizaa vizuri, atamwomba Bibi atupe mimi na Ida chumba cha nyuma, nacho kina bati. Kazi yangu ni kumwagilia maji tu, karudia hilo kama vile mimi mtoto. Nimekubali, kwa ajili ya Ida. Kefa kaondoka kwenda Makambako mpaka Alhamisi.

Nimeikagua mipichi. Vitumba tele, hakuna hata kimoja kilichofunguka! Uvivu mtupu. Sasa kosa langu la wiki iliyopita nimeligundua: kisu kilikuwa butu. Nimekinoa vizuri, na safu ya kwanza nimeshaimaliza.